Koti Jekundu na Ndevu za Katani

Kambi ya Korona,
Shamba la Mkonge, Korogwe.
15 Septemba 1974

Kwako mtani wangu Mbaruku, Mzigua unayeoga kwa kijiko,

Salamu zangu zipokee, na ukizikataa zirudishe pamoja na nauli yake. Sisi huku hatujambo kwa kiasi cha kuweza kuandika. Mke wangu Raheli anamsalimu sana shemeji yake, mkeo Fatu, na anauliza kama huko Handeni mlikorudi maji yameonekana au bado mnayaota tu. Mimi mwenyewe ni mzima, isipokuwa mguu. Habari ya mguu nitakupa, lakini kwanza nikupe ya sinema.

Juma lililopita gari la sinema lilikuja kambini, likatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la katani. Tulidhani ni zile filamu zao za mbolea na kuchimba vyoo. Kumbe safari hii ni ya kuchekesha, ya Kizungu, tena ya Baba Krismasi! Mzee mwenyewe kateleza juu ya paa, kavunjika nyonga, yuko kitandani na Krismasi inagonga hodi. Basi wasaidizi wake wakatawanyika kumtafutia mrithi. Wa kwanza alikuwa mnene, akakwama kwenye bomba la moshi, miguu ikawa inapigapiga hewa huku wenye nyumba wanakula. Wa pili alipanda lile gari lao lisilo na magurudumu, linalovutwa na wanyama wenye pembe kama tandala. Wanyama wakaenda, yeye akabaki, akatua kwenye keki ya harusi ya watu. Mfasiri alikuwa anapiga kelele kwenye kipaza sauti, nusu anafasiri, nusu anatunga yake. Mama Justa alicheka mpaka akavunja kigoda.

Na mimi nilicheka, Mbaruku. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikaona kicheko kimekwisha na machozi yanaendelea. Yule mzee pale kitandani, mguu umefungwa, anachungulia dirishani aone nani ataweza. Nikajiona mimi.

Halafu jenereta likazimika. Wakasema mafuta yamekwisha. Mrithi hajapatikana, shuka likakunjwa, tukaambiwa kwaherini. Mpaka leo sijui nani alilivaa lile koti.

Sasa mguu. Unakumbuka Krismasi iliyopita nilivyodondoka kwenye toroli mbele ya watoto wote, gunia la peremende likanifuata kichwani, na wewe badala ya kuniinua ukakaa chini kwenye reli unacheka. Kile kidonda hakijapona. Kinajifunga, kinafunguka. Sasa natembelea fimbo.

Tangu yule meneja Mgriki alipoondoka, shamba likawa la umma, na koti lake jekundu la Baba Krismasi likabaki ghalani, ni mimi niliyelivaa na wewe uliyesukuma toroli. Ni wewe uliyechambua katani na kuichana mpaka ikawa ndevu nyeupe, zinazowasha kama upupu. Watoto wa kambi hii, wa msikitini na wa kanisani, hawana sikukuu nyingine wanayoihesabu kama ile. Sitaki ife mikononi mwangu. Mwanangu Stefano nimemwandikia Dar es Salaam, kanijibu kwamba Baba Krismasi ni kasumba ya wakoloni. Basi nitafutie mrithi, wewe unayejua watu. Au njoo mwenyewe.

Mtani wako,
Habakuki

*

Kijiji kipya, upande wa Misima,
Handeni.
22 Oktoba 1974

Kwa Habakuki wa Mpale, Msambaa unayetembea kwenye tambarare kama unapanda ngazi,

Barua yako nimeipata, imenuka mkonge tangu mlangoni. Idi imepita salama, mfungo tulifunga vizuri, maana hata ambao hawakutaka kufunga walifunga. Mvua hakuna. Tunakula ule unga wa njano wa msaada, watu wanauita unga wa Yanga, na mimi shabiki wa Simba nimekaa kimya nikala.

Nimekwambia kijiji kipya. Hatuko tena kule nilikorudi nilipopunguzwa kazi. Tumehamishwa. Nyumba niliyoijenga kwa jasho la mkonge ilibomolewa asubuhi, mchana tukawa juu ya lori na milango yetu. Huku tumepangwa kwa mstari mmoja kama mistari ya mkonge. Wanasema shule itakuja na bomba litakuja. Huenda vikaja, sibishi. Lakini wale wanangu wawili niliowazika nyuma ya ile nyumba hawakupangiwa nafasi kwenye lori.

Fatu haumwi sana wala hajambo. Kifua. Bado anashika kiuno na kukohoa kabla ya kunitukana, ila sasa anakohoa, tusi halifiki. Anasema Raheli amtunzie ile kanga yake aliyomwachia, ipo siku ataifuata.

Kuhusu mrithi. Wewe umezeeka, akili imeanza kuvuja kama kibuyu cha zamani. Nije mimi? Nitoke vipi? Tunalima shamba la pamoja, na mtu akitaka kulala nje ya kijiji lazima amwombe mwenyekiti. Nikamwambie naomba ruhusa nikavae ndevu? Mjaribu Petro fundi. Mjaribu Mhina mlinzi, ana tumbo la kazi hiyo. Mimi niache. Mtu aliyebeba mlango wake begani hana cha kuchekesha watoto wa watu.

Tafuta dawa ya mguu.

Mtani wako,
Mbaruku

*

Kambi ya Korona, Korogwe.
10 Novemba 1974

Mtani wangu Mbaruku, shabiki wa Simba uliyeshiba unga wa Yanga,

Pole kwa kuhamishwa. Nilipofika pale penye watoto wako wawili niliiweka barua chini. Nilikuwepo tulipomzika yule mdogo.

Vipi kifua cha shemeji? Raheli anasema mchemshieni majani ya mpera, na kanga ipo, haijaguswa na mende.

Sasa sikia ya huku, labda ukimsomea atacheka kidogo. Nimewajaribu. Petro fundi alivaa koti, akavaa ndevu, akapendeza kuliko mimi, nikasema Mungu mkubwa. Akawasha sigara. Mbaruku, katani kavu ile! Ndevu zilishika moto zote kwa mara moja. Petro akatoka mbio anapiga kelele, watoto nyuma yake wanashangilia wakidhani ndiyo maonyesho, akajitupa kwenye mfereji wa maji yanayotoka korona, kwenye mashine ya kuchambulia mkonge, na unajua yale maji ya mkonge yanavyowasha. Alitoka hana ndevu, hana nyusi, anajikuna mpaka leo.

Mhina mlinzi tulimpandisha kwenye toroli. Hakuna aliyekumbuka kwamba breki uliikata wewe ukafungia mlango wa banda lako la kuku. Toroli likashuka na mteremko wa kijito. Tulimsikia akitaja jina la mama yake, kisha kimya. Alirudi jioni kwa miguu, amebeba mbuzi wa mtu. Hajaeleza.

Ernesti wa kwaya yeye hakuanguka popote. Aliwahubiria watoto juu ya dhambi mpaka wakalia wote.

Nilicheka peke yangu kitandani, nikasema filamu ile imenifuata nyumbani. Maana mimi sasa ni wa kitandani. Kidonda kimeanza kutoa harufu. Raheli anasema hakinuki, lakini amehamishia mto wake upande mwingine. Daktari ametaka kuukata mguu juu ya goti. Nimekataa. Baba Krismasi wa mguu mmoja umemwona wapi?

Na kambi inapungua. Wazungu wanasema kamba za nailoni ni rahisi, mkonge wetu hauna mnunuzi. Kila juma lori linakuja kuchukua vitu vya watu. Watoto wa mstari wa juu wote wameshaondoka. Wakati mwingine nauliza natafuta mrithi wa nini.

Niandikie upesi.

Mtani wako,
Habakuki

*

Kijiji kipya, Misima.
24 Novemba 1974

Habakuki,

Fatu amefariki. Jumatatu iliyopita, alfajiri.

Nilimtuma dereva wa lori la mkaa akupe habari siku ileile, na amenihakikishia amekupa mkononi, wewe mwenyewe. Nikamzuia shehe mpaka alasiri. Nikasema subirini, yupo mtani wangu anakuja kutoka Korogwe, hawezi kukosa. Watu wa huku hatujuani, tumekusanywa kutoka kila upande, hakuna ambaye ukoo wake una utani na ukoo wangu. Nilikuwa natazama barabara mpaka macho yakaniuma.

Mke wangu amezikwa kimya, Habakuki. Hakuna aliyevaa kanga yake akamwigiza. Hakuna aliyeshika kiuno akakohoa. Hakuna aliyelala kaburini akadai akombolewe ndipo atoke. Mwanamke aliyechekesha kambi nzima amefukiwa kama mche wa mkonge, watu wakanawa mikono wakarudi shambani. Mimi nilikuzikia baba yako kule Mpale, nikavaa suruali zake nikatambaa na fimbo yake mpaka mama yako akacheka. Nilipanda mlima ule na homa.

Usiniandikie tena habari za ndevu.

Mbaruku

*

Kambi ya Korona, Korogwe.
4 Desemba 1974

Mtani wangu,

Ukitaka kuichana hii barua, ichane ukishamaliza kuisoma.

Dereva alinikuta. Nilisimama. Nilifika mlangoni nikaanguka, nikainuka nikafika kwenye mti wa mwarobaini, nikaanguka tena, na mara ile sikuinuka. Petro na Mhina walinirudisha kwenye toroli kama gunia. Nililia kwa hasira, nikawatukana, na hawakustahili.

Basi nikasema kama mtani hawezi kwenda msibani, msiba uje kwa mtani. Raheli akaita wanawake wa kambi, waliobaki. Akaniletea ile kanga ya Fatu. Wakanikalisha kitandani, nikaivaa, nikajifunga kichwani kama alivyokuwa anajifunga yeye, fundo mbele. Nikashika kiuno, nikakohoa, nikasema: “Mbaruku! Wewe mwanamume, nilikuambia ulete kuni, umeniletea kijiti cha kuchokolea meno! Utakipika wewe?” Mbaruku, walilia na kucheka palepale. Mama Justa alinilipa ukombozi ili niivue ile kanga, maana alisema akinitazama anamwona Fatu ana ndevu. Nikauza vitumbua hewa kama alivyokuwa anauza yeye vya kweli, nikawakopesha wote, nikawadai wote. Nikakutukana wewe mpaka sauti ikakauka. Mke wako hakuzikwa kimya. Ulikuwa mbali tu na kelele.

Ndivyo nilivyoweza. Najua haitoshi.

Mguu nimekubali ukatwe, maana sasa si mguu tena. Watanipeleka hospitali tarehe kumi na saba. Sasa nikuambie kitu ambacho nilikuwa sikioni. Nimehangaika miezi yote hii nikitafuta mrithi, nimemchoma Petro, nimempoteza Mhina, na kumbe desturi ilishachagua kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Nguo za marehemu anavaa nani? Mtani. Koti liko nyuma ya mlango. Ndevu Petro alizichoma, utachambua nyingine, katani bado ipo.

Ila nijibu, tafadhali. Hata tusi moja. Nikienda kule bila tusi lako nitakuwa nimekwenda uchi.

Mtani wako, ukitaka usitake,
Habakuki

*

Kijiji kipya, Misima.
13 Desemba 1974

Kwa Habakuki wa Mpale, mwanamke mwenye ndevu,

Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia, ya pili nikacheka, ya tatu nikatoka nje nikamsomea kila mtu kwenye mstari wetu, na wasiomjua Fatu wakacheka. Sasa wanamjua. Umemzika, mtani wangu. Fatu kaniletea tusi la kuni mpaka huku, na kweli kilikuwa kijiti.

Yale maneno yangu niliyaandika nikiwa nimeshika udongo. Yatupe.

Sikiliza sasa, Msambaa usiye na haya. Acha wakate mguu. Ukiwa na mmoja utakula kidogo, utaanguka kwa upande mmoja tu, na viatu utanunua kwa nusu. Baba Krismasi wa mguu mmoja sijamwona, ndiyo maana nataka kumwona. Nilimwomba mwenyekiti nije kesho, akasema tunapanda, mikono haitoshi, na kweli mvua imeanza kudondoka. Lakini siku ya Idi amenipa. Idi ya kuchinja mwaka huu inaangukia tarehe ishirini na nne, na kesho yake ndiyo Krismasi yenu. Nitaswali, nitapanda basi, nitakuja na paja la mbuzi. Tutakula Idi na Krismasi kwenye sufuria moja.

Koti sivai. Utalivaa wewe, mimi nitasukuma toroli. Breki nitaifunga upya. Usithubutu kufa kabla sijafika, bado nina matusi yako sijakupa.

Msalimu shemeji.

Mtani wako,
Mbaruku

*

Kambi ya Korona, Korogwe.
27 Desemba 1974

Kwako mtani wangu Habakuki,

Salamu sijui nikupe zipi. Hali yako siiulizi, nimeiona, ina msalaba wa mti na mawe pembeni. Mimi ni mzima, na hilo ndilo linalonisumbua.

Nilishuka kwenye basi siku ya Idi na paja langu la mbuzi. Mhina alikuwa kituoni, akanitazama, akalipokea paja, akatangulia njia kichwa chini. Nikajua. Raheli alinikuta mlangoni akaniambia, “Shemeji, umechelewa.” Walikupeleka tarehe kumi na saba kama ulivyosema, wakakukata mguu, ukafa tarehe kumi na tisa, wakakuzika Jumamosi hapahapa kambini. Kwenda Mpale, ulikotaka kuzikwa, gari halikupatikana, mafuta hakuna.

Barua yangu ya mwisho nimeikuta juu ya kabati. Imefika siku moja baada ya wewe kufa. Raheli hakuifungua, alisema si yake. Anasema kule hospitali ulikuwa unamuuliza kila anayeingia, “Ya Mzigua imekuja?” Halafu ukaacha kuuliza. Umeondoka unadhani bado nimekununia. Hicho ndicho kinanitafuna, Habakuki. Niliposikia hivyo nilitaka kurudi Misima kwa miguu.

Lakini mtani harudi. Nikaingia ndani, nikachukua koti nyuma ya mlango. Nikaenda ghalani nikachambua katani, nikaichana kama zamani. Raheli akanifunga hizo ndevu. Nikachukua fimbo yako, nikakunja mguu mmoja nyuma, nikafunga kwa mkanda, nikatokea msibani nikirukaruka na kulia kwa sauti yako: “Raheli! Mto wako umeuhamishia wapi? Mguu umekatwa, harufu imeisha, rudi basi!” Watu walishtuka. Halafu Raheli akacheka. Mama Justa anasema ni mara ya kwanza tangu Alhamisi ile uliyokufa. Alicheka akakaa chini, akapiga ardhi kwa viganja, kicheko kikageuka kilio, na wanawake wote wakamfuata. Nikalala juu ya kaburi lako nikagoma kutoka.

Kesho yake ilikuwa Krismasi. Nilipanda toroli nimevaa vilevile, Petro akasukuma. Wallahi, mtani, breki niliifunga. Lakini mvua ilikuwa imeozesha mataruma ya reli, gurudumu likazama, nikaruka mimi, likaruka paja la mbuzi lililopikwa, tukatua wote kwenye tope mbele ya watoto. Sikupanga. Nilianguka palepale ulipoangukia wewe.

Watoto walikuwa tisa. Mwaka jana mstari wao ulifika mpaka kwenye korona. Tisa tu, Habakuki, na peremende hakuna, sukari yenyewe hatuijui. Nilitoa nyama kwenye tope, Raheli akaisafisha, Baba Krismasi akagawa nyama ya Idi, kipande kwa kila mtoto. Mmoja akaniuliza kama nitakuja tena mwakani. Nikasema nitakuja. Jana lori limewachukua saba, pamoja na yule aliyeuliza. Kambi hii inafungwa. Raheli anarudi Mpale kwa ndugu zake.

Jambo jingine. Lile gari la sinema nililikuta kituoni Korogwe, dereva anakunywa chai. Nikamkalia kooni, nikamwambia kuna mtu amekufa hajui mwisho wa ile filamu, niambie nani alipata koti. Akacheka kwa aibu. Anasema hata yeye hajawahi kuuona. Ule mkanda wa mwisho ulipotea zamani, kabla hawajaletewa. Kwa hiyo kila kambi wanapofika pale huzima jenereta wenyewe, wakasingizia mafuta. Kwenye nchi hii nzima hakuna anayejua, mtani. Usijione umepunjwa peke yako.

Asubuhi hii Raheli aliniletea ukombozi, nilivue koti lako kama ilivyo desturi. Nimeukataa. Nimemwambia hili silitoi, nakwenda nalo Misima. Alinielewa.

Sasa nakuandikia na nitaifukia hii hapo kichwani pako, pamoja na ile ambayo hukuifungua. Isome ile kwanza. Ina matusi ya kutosha, na ina lile ulilokuwa unalisubiri.

Halafu unijibu hili moja, maana nimelifikiria tangu jana na sina wa kumuuliza. Fatu alikupata wewe. Wewe umenipata mimi, ingawa nimechelewa. Kule kijijini tumepangwa mstari mmoja na hatujuani, na mwanangu hata mmoja hayupo juu ya ardhi. Siku yangu ikifika, Habakuki, kanzu yangu itavaliwa na nani? Nani anajua nilivyokuwa nacheka?

Gari la Handeni linapiga honi.

Mtani wako,
Mbaruku